Jina la Ami Khalfan

Baba,

Shikamoo. Leo siku ya kumi na tisa umelala kule nyuma ya mitende, na kila alfajiri nakusikia unakohoa barazani. Natoka, hakuna mtu. Mama anasema ni msiba, utapita. Hautapita, maana nina neno nililokuficha miaka tisa. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyokataa kusema nami tangu utoke jela.

Alikuja mgeni, Baba. Ilikuwa likizo ya skuli. Mama alikuwa Sur kwa dada yake, wewe uko shamba unangojea zamu yako ya maji ya mfereji. Mwanamume akibisha kwetu kwa Kiarabu, sisi wanawake humjibu nyuma ya mlango kwamba wenyewe hawapo, basi. Huyu alipiga hodi kwa Kiswahili cha Mjini Unguja hasa, Kiswahili cha mtaa wa Malindi, nami nikafungua. Ndivyo tulivyokuwa sisi watu wa Unguja huku Arabuni. Anayesema Kiswahili ni mtu wa nyumbani. Nikampa mkate wa kumimina na chai, nikasimama mlangoni na mwanangu kiunoni. Alisema marehemu baba yake alisoma nawe Unguja kabla ya mapinduzi. Akaniuliza kama bado unapenda vitabu.

Nikajigamba. Mwalimu mzima, nikajigamba kama mtoto. Nikamwambia wewe ndiye komredi wa mwisho katika mkoa mzima wa Sharqiyah, ulisoma Ujerumani Mashariki, na kila Alkhamisi baada ya alasiri unakaa na wenzako kusoma, wewe unawafasiria. Nikawataja wawili kwa majina. Ami Khalfan, aliyekuwa akija na gari kutoka Samail, sikumtaja. Wala haikuwa busara, aliniponyoka tu.

Sheria niliijua. Vyama hakuna, mikutano hakuna, na anayewaita watu waipindue serikali, jela inamsubiri. Neno ukomunisti, tangu vile vita na waasi wake kule kusini, halikutamkwa hata kwa mzaha. Lakini nyinyi mlikuwa wazee wanne wenye sukari na presha. Mngepindua nini, birika? Niliiona sheria ile ni ya watu wengine.

Baada ya siku nne askari walikuchukua wewe na wale wawili niliowataja, na vitabu vyako vyote. Ulikaa miezi saba. Kaka Salim akauliza walilokuwa wakiuliza watu wote, mbona Khalfan hakuguswa? Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa ubavuni pake, namkatia papai. Nikaendelea kukata.

Uliporudi umekonda, ukatwambia kwa Kiarabu kwamba Khalfan asitajwe tena nyumbani kwako. Toka siku ile ikawa Kiarabu tu. Nikikupa shikamoo, unaitika kwa kichwa. Siku nyingine nilikuwa na hakika umenijua. Siku nyingine nikajiambia hapana, unayemchukia ni Ami Khalfan, na nikashukuru, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikikupakulia wali huku nakutazama usoni, nakuogopa. Sasa umekufa na bado nakuogopa.

Siku ya mazishi alikuja. Kaka Salim mwenyewe ndiye aliyetusimulia, tena kwa kujisifu, kwamba mzee yule alisimama mbali, kwenye ukuta wa mfereji, na hakuna aliyempa mkono.

Jana sikuweza tena. Nilimchukua mwanangu nikaendesha mpaka Samail. Nilimwambia Ami Khalfan yote mbele ya mkewe, nimemshika miguu, nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Baba yako alijua tangu siku ya kwanza. Walimsomea yale maneno, akakusikia wewe humo ndani."

Akanieleza kuwa siku uliyofunguliwa ulipitia kwake kabla ya kuja kwetu. Ulikaa saa moja. Ulimwambia watu watamsaka aliyesema mpaka wampate, na wakimpata ni binti yako, hataishi tena katika mji huu. Ukamwambia, "Nipe jina lako, Khalfan, nilichafue." Akakupa. Hamkuonana tena. Na Kiswahili, anasema, ulikiacha kwa kuwa ulijijua: ungekaa nami kidogo tu kwa lugha ile, ungenisamehe kwa sauti, nami ningejua kwamba unajua.

Laiti ungenipiga, Baba. Ungenipiga, ukaendelea kunywa chai na rafiki yako. Miaka tisa nilidhani nimeibeba siri peke yangu, kumbe mlikuwa wawili, mmenibeba na mimi juu yake. Mzee yule hasalimiwi msikitini na watu wa kwetu. Mwanawe alikataliwa posa Ibra. Yote hayo ameyala kimya, na jana akanifungia halua nije nayo.

Arubaini yako inakuja. Kabla watu hawajafika kusoma hitma nitawaita Mama na Kaka Salim chumbani, nitawaambia mwenyewe. Salim atanikata undugu, namjua. Mama sijui. Na ulilolikinga miaka yote litanifika, nisamehe kwa kulivunja. Lakini Ami Khalfan ataingia mlango wa mbele siku ile, na Salim ndiye atakayempa mkono wa kwanza. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Baba.

Binti yako, aliyesema,
Zuwena