Ugali wa Asubuhi ya Picha

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba. Hapa Mwazye hatujambo, mahindi yamebeba.

Wewe unayesomea kupiga picha za eksirei umeniuliza babu yako aliondokaje. Ni figo, tukiwa bado vijana. Hospitali mjini walimwambia aje bila kula, ili dawa ya mshipani izionyeshe figo vizuri. Mimi nikampikia ugali wa ulezi. Ningemwachaje mgonjwa asafiri na njaa?

Pichani likaonekana tumbo lililojaa, figo hazikuonekana.

“Umekula leo?” akaulizwa.

“Nimekula kwa siri, mke wangu hajui,” akajibu, nami nimesimama pale pale.

Tukapangiwa siku nyingine. Hakuifikia.

Wagonjwa wako wakija wameshiba, mwanangu, usiwafokee mbele ya aliyewapikia.

Bibi yako