Dawa Imekubali Kushika Kabichi

Kitale, Jumamosi, Juni 2008

Baba Nekesa,

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka. Nimeamka mwili ukiwa mwepesi.

Tangu tukuzike Sirisia, kupiga dawa ni kazi yangu. Zamani nilikuchotea maji tu, nawe ukazunguka na pampu mgongoni, ukiimba na kukosea maneno. Sikuwahi kuuliza unachanganya nini.

Viwavi waliingia kwenye kabichi. Nilipiga dawa, nikarudia. Wakazidi kunenepa. Na baada ya matanga kaka zako walikuwa wamesema: msimu huu ukinishinda, nimrudishie mwenye shamba shamba lake, nirudi nyumbani Sirisia.

Nilifika mahali nikaogopa hata kwenda kuangalia.

Wiki jana dada yako Nafula alikuja kunitembelea. Alinikuta nikipiga dawa, akashika jani. Matone yalikuwa yanabingirika na kuanguka chini.

"Wifi, unanywesha udongo dawa, bana! Si kabichi iko na nta?"

Tukaenda dukani mjini. Muuzaji akatupa chupa ndogo ya dawa ya kunatisha. Akasema yenyewe haiui mdudu, inasaidia tu ile nyingine itandae na kushika jani. Iwekwe mwisho, kidogo, pampu ikishajaa maji.

Mimi nikaitia kwanza, kisha nikamwaga maji kwa nguvu juu yake. Povu likapanda, likafurika hadi miguuni.

"Ati unapiga dawa ama unafua blanketi?" Nafula akauliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Sikuwa nimecheka hivyo tangu uende. Niliona haya kidogo, halafu haya ikaisha.

Tulichanganya upya, safari hii kwa utaratibu. Dawa ikatandaa juu ya jani, ikatulia.

Leo nimepita kati ya mistari polepole. Viwavi wamekauka. Majani machanga ya katikati hayana tundu hata moja. Nikampigia simu kaka yako mkubwa. Akasema, "Basi kaa hapo, shemeji. Hakuna mtu atakuhamisha."

Nabaki.

Nekesa amelala, nami nimechoka vizuri, uchovu wa kazi, si ule mwingine. Sijui kama huko uliko habari za huku zinafika. Kama zinafika, unikumbuke.