Bahari Haipo Busanza

Jumapili, 3 Agosti

Nimenunua fimbo ya kuvulia samaki. Ya baharini! Mimi, mkazi wa Busanza, huku bara kwenye vilima.

Nilikwenda Rebero kwa mzungu mmoja anayehama, nikitafuta friji. Friji ilikuwa imeshachukuliwa. Ukutani palikuwa na mfuko mrefu mwembamba. Ndani yake fimbo ya vipande vinne, nyepesi kama ufito, na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Akanieleza kuwa rili imezibwa ili maji ya chumvi yasiingie, lakini hata hivyo kila nikitoka baharini niioshe kwa maji baridi. Akauliza nitavulia wapi. Nikasema Mafia. Sijui jibu lilitoka wapi! Nimekulia Tanga, Mafia sijawahi kukanyaga.

Tangu tumzike Mama mwezi wa tano sijatamani kitu. Leo nimetamani.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetoka kazini Remera moja kwa moja hadi kwenye video. Kumbe uvuvi huu mtu harushi chambo, anarusha uzi. Uzi ndio wenye uzito — mnene, wa kijani, unaelea. Chambo ni manyoya tu yaliyofungwa kwenye ndoana. Kati ya viwili hivyo unaunga uzi mwembamba usioonekana, samaki asishtuke.

Fundo limenishinda. Nikivuta, linafunguka. Nikivuta, linafunguka. Mpaka yule wa kwenye video akasema ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Likashika!

Nyumba kimya. Nimewasha redio ya jikoni, nikaiacha izungumze.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja wa shule ya jirani, likizo, mlinzi kaniruhusu. Ndoana sikuweka, nimefunga kipande cha sufu nyekundu, nisije nikajitoboa jicho.

Aibu tupu. Uzi umenizunguka shingo. Umenizunguka miguu. Umeanguka mbele yangu kama tambi.

Mama mmoja alikuwa anazunguka uwanja kwa mguu, raba nyeupe, kitenge kiunoni. Akasimama.

"Weye mama, iko unapiga nani fimbo?"

Nikamwambia ninajifunza kuvua.

"Na mayi iko wapi?"

Hakuna maji, nikasema. Akatazama nyasi, akanitazama mimi, akaendelea na mzunguko wake. Alipopita tena akasema nina haraka kama mtu anayefukuza nzi.

Jumapili, 17 Agosti

Yule mama yuko sahihi. Nina haraka. Ukirusha nyuma lazima usubiri, uzi ujinyooshe wote, ndipo uje mbele. Mkono usimame saa nne mbele, saa saba nyuma, kama mshale wa saa. Mimi kiwiko changu kinafika saa kumi!

Yule mama anaitwa Mukandekezi, lakini anapenda aitwe Mama Gatera. Amekulia Bukavu. Anatembea kwa sababu ya sukari, daktari kamwamuru. Gatera ndiye mwanawe pekee, yuko Kanada. Leo amesimama nyuma yangu akiutazama uzi, na kila unaponyooka anapaza sauti: "Sasa!" Nami naleta mbele.

Imesaidia kuliko video zote.

Jumamosi, 23 Agosti

Phiona amekubali! Nimempigia mdogo wangu Dar, nikamwambia tukutane, twende Mafia pamoja mwisho wa Septemba. Akacheka sana. Halafu akasema haya, dada, twende, tangu msiba hatujakaa pamoja. Nimeomba likizo. Nimekata tiketi.

Mama Gatera amefungua mwavuli wake mwisho wa uwanja ili niulenge. Sijaufikia. Ananiuliza huko baharini kuna samaki gani. Kolekole, nikasema, wana nguvu, wanaweza kukumalizia uzi wote kwenye rili. Akasema basi nile vizuri.

Jumapili, 7 Septemba

Somo la mkono wa kushoto. Wakati wa kulia unarusha, wa kushoto unauvuta uzi kwa ghafla — nyuma mara moja, mbele mara moja. Hapo uzi unapata kasi ya kukata upepo wa baharini. Kwangu mikono inagombana. Kidole kimechanika kwa uzi. Mama Gatera kakifunga na kitambaa chake, huku akinisimulia jinsi Gatera alivyokuwa haogi bila kupigiwa kelele.

Yeye ananihadithia kuhusu mtoto, mimi namhadithia kuhusu marehemu Mama. Hatuulizani mengi.

Ijumaa, 19 Septemba

Phiona haji. Kazi, watoto, mume kasafiri. "Dada, na wewe, samaki wa nini? Si ungekuja tu nyumbani upumzike." Nikasema hakuna neno.

Kuna neno.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama Gatera hakuja. Nimeutazama mzunguko mtupu, nikarudi bila kuunga fimbo.

Jumapili, 21 Septemba

Leo uzi umetoka wote! Kushoto, kulia, kushoto — nikasikia unapita kwenye pete za fimbo, shiii, ukaenda, ukaenda, sufu ikatua mbali kuliko pale mwavuli ulipokuwa ukisimama. Taratibu, kama imewekwa kwa mkono.

Nikageuka. "Umeona?" Nimesema kwa sauti kabisa.

Hakuna mtu. Ndege ikapita juu kuelekea uwanja wa ndege wa Kanombe. Nimekunja uzi.

Alhamisi, 25 Septemba

Wiki nzima sijamwona. Namba yake sina. Nyumba yake siijui. Yuko kwenye yale majengo mapya ya ghorofa, basi. Namjua anavyopumua akipanda kilima, namba sina!

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Nimefyeka mfereji na watu wa majengo ya ghorofa badala ya watu wa mtaa wangu, ili niulize. Kijana, hapana. Mzee, hapana. Mwisho dada mmoja, Cécile, akasema: yule wa raba nyeupe? Mguu ulivimba, kidole kikawa cheusi, majirani wakampeleka hospitali. Mwanawe wanampigia, hapokei.

Ndege yangu Jumatatu alfajiri. Sanduku limefungwa. Fimbo iko mlangoni.

Jumapili, 28 Septemba

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la wodi.

Amekonda. Aliponiona akajifanya amekasirika. "Weye iko unafanya nini huku? Ulishatupa ile uzi?" Nikamwambia umetoka wote, Jumapili iliyopita. Nikamwonyesha kwa mikono, kushoto, kulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili anatushangaa. Mama Gatera akafumba macho, akasema, "Sasa!" Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Kesho asubuhi wanakata kidole. Labda viwili. Daktari hakuficha.

"Unaenda bahari siku gani?"

"Kesho."

"Kwenda, mutoto wangu. Kwenda uvue."

Akageukia ukuta. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika pindo la sweta yangu, na haukuachia. Nilikaa hivyo mpaka akasinzia, nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikatoka nje nikampigia Gatera kwa namba aliyonipa Cécile. Imeita. Imeita. Nimemwandikia ujumbe. Hajasoma.

Teksi ya kwenda uwanja wa ndege nimeagiza kwa saa tisa alfajiri. Upasuaji ni saa mbili. Simu iko mkononi, naandika kwa mkono mwingine, maandishi yanapinda.

Hapa kila mgonjwa lazima awe na umurwaza — mtu wake wa kumlisha, kumwogesha, kukimbilia dawa. Vitanda vyote vina mtu ameketi kando. Chake kina kiti kitupu, na juu yake mwavuli.

Muuguzi wa zamu amekuja, ananiuliza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, akidhani sikuelewa:

"Mama, umurwaza wake ni wewe?"

Amesimama. Anangoja —