Mbio Nilizoogelea Peke Yangu

Mama mpendwa,

Nakuandikia Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi na koti bado liko mwilini. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Baba bado anakataa kuvaa miwani? Na hapo Ziwani maji ya mfereji yamerudi, au mngali mnapanga foleni ya ndoo na kugombana? Mimi sijambo. Chakula cha huku ng'ambo nimekizoea, isipokuwa kabeji yao, wanaichemsha mpaka inaomba msamaha.

Najua umesikia redioni. Ndiyo, ni kweli. Kenya imejitoa kwenye mashindano makubwa ya dunia pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa ajili ya ndugu zetu wa kusini wanaoonewa na makaburu. Sitaki umlaumu mtu, mimi mwenyewe naona ni haki. Lakini nililia, Mama. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, taulo kichwani, nikalia, maana jina langu lilikuwa limeshaingia, na asubuhi zote hizi za baridi nilikuwa naiamkia siku hiyo moja. Wasichana ninaoogelea nao ni watoto wa shule, mimi ni shangazi yao. Mashindano mengine kama hayo yakija, mabega yangu yatakuwa yamechoka.

Basi siku hizi nyumbani hakunitoki akilini. Unalikumbuka lile bwawa letu lisilo na paa? Nilikuwa naogelea kwa mgongo, macho kwenye mawingu, na kila mara nagonga kichwa ukutani. Nilirudi na nundu ukataka kujua nani kanipiga. Kaka Wafula akakuambia ni ukuta, nawe ukauliza kwa nini sigeuki nione ninakokwenda kama watu wengine. Nikakueleza kwamba anayeogelea kwa mgongo hageuki kutazama, akigeuka kila mara amekwisha kuachwa. Jumamosi iliyofuata ukaja na ule ufagio wa mpini mrefu wa kutolea utando wa buibui, umefunga leso yako kwenye ncha. Ukasimama ukingoni, ukaunyosha juu ya maji, ukasema, "Ukiiona hii, jua umefika."

Tangu siku hiyo sikugonga tena. Nilikuwa naiona leso, napiga mikono kidogo, nagusa ukuta. Halafu yakaja yale mashindano ya kwanza, na wale wasichana wa Westlands wenye mabwawa nyumbani kwao. Hapo ndipo uliponimaliza. Kwetu mgeni hangojwi mlangoni, anafuatwa njiani anapokonywa mzigo. Wewe uliponiona nimetangulia, ukashindwa kusimama mahali pako. Ukaja kunilaki! Ukatembea ukingoni na vigelegele, leso nayo ikaja na wewe. Mimi nikaiona juu ya uso wangu, nikanyosha mkono nishike ukuta, nikashika maji. Nikasimama katikati ya bwawa kama ng'ombe aliyekwama matopeni, wenzangu wakapita. Mama Njoki wa mlango wa pili alicheka mpaka akakaa chini, akasema nyinyi watu wa Bungoma hata ushindi mnaulaki barabarani. Ulinuna siku nyingi, ukidhani nimekukasirikia. Sikukukasirikia hata kidogo, Mama. Nilifurahi kwamba ulikuja.

Huku wametundika vibendera vidogo kwenye kamba juu ya maji, vya kutuonyesha ukuta umekaribia. Ni vizuri sana, havikosei. Havisogei hata uogelee namna gani.

Sasa nisikilize. Siku ile ambayo ningeshindana, nilikwenda kwenye bwawa letu la mazoezi. Kocha wangu, yule mzee wa kikohozi niliyekusimulia, alinikuta nimeshavaa. Alitoa saa yake mfukoni, akaniambia nishike ukuta. Nikaogelea mbio zangu peke yangu, kulia maji matupu, kushoto maji matupu. Sijawahi kuogelea vile maishani. Nilipogusa na kuinua kichwa, mzee alikuwa anaitazama saa.

Akasema atanitajia muda wangu, kisha ana jambo la kunieleza. Nikamwomba aanze na hilo jambo. Kumbe wakubwa wa kuogelea wa huku wanataka nibaki, nichukue uraia wa huku, niogelee chini ya bendera yao. Wangenitunza, na ningepata siku nyingine kama hii niliyoikosa. Hapo nikamkataza kabisa kunitajia muda. Najijua, Mama. Ningesikia ni mzuri, tamaa ingenishika nikabaki. Nilitaka kuamua nikiwa sijui.

Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa, nikikunja mashuka kule hospitalini ninakofanya kazi. Nilijaribu kujiona nimesimama mbele ya watu, wimbo wao unapigwa. Nilijiona vizuri sana. Ila kila nilipotazama watu wale, sikumwona wa kwangu hata mmoja, na moyo ukakataa.

Jana nilimwendea nikamwambia hapana, narudi Nairobi mwisho wa mwaka, nitatafuta kazi ya kufundisha watoto kuogelea. Nilipokwisha kukataa, ndipo nikamwambia, "Sasa nitajie." Akanitajia. Kisha akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akaniuliza kama bado ni hapana.

Nikamwambia bado ni hapana.

Nisalimie Baba, na umwambie miwani si uzee. Wafula mwambie dada yake yuko fiti, na asiguse redio yangu. Mama Njoki mpe salamu zake pekee, asichanganywe na wengine, atalalamika. Mchungaji wetu naye nimekumbuka maombi yake, namshukuru.

Muda wenyewe siuandiki hapa, kwa maana najua Wafula anakusomea barua hizi kwa sauti na majirani wote wa mferejini wanasikiliza. Hata mzee nimemwomba asimwambie mtu. Nikifika, funga mlango kwanza, nikutajie sikioni.

Mwanao akupendaye,
Nekesa