Shujaa Aliyeoa Muuguzi

Sahibu, leo nimeaibika, sina pa kuuweka uso.

Si unajua binti yangu mtangazaji ndiye aliyeniombea nafasi redioni kwake, nichambue filamu mpya? Basi jana sinemani, ile ya shujaa anayeruka, usingizi ukanipitia.

Kuamka, namwona kijana kavaa shati anamchumbia muuguzi. Nikajua ndiye yule yule. Nikalia machozi!

Leo hewani nikasifu: "Kaacha kuruka kwa ajili ya mapenzi!"

Binti akanitumbulia macho. "Baba, hizo ni filamu mbili."

Filamu mbili, ndugu yangu! Na watu wanasikiliza!

"Ulilala?"

Nikasema sikulala. Mtu mzima ovyo.

Akaweka wimbo, akazima vipaza sauti. "Wakubwa niliwaambia baba yangu hasemi uongo."