Barua ya Mzee Iliyosomwa Darasa la Saba

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi kama limetumwa. Magoti yananiuma. Nimetoka shuleni kwa miguu na sitaki kuongea na mtu, kwa hivyo naandika.

Mwalimu Kioko alikuja hapa kwangu wiki jana. Ni kijana, anafundisha historia darasa la saba, na kitabu chake kinasema Wakamba walifanya biashara ya pembe, halafu basi, ukurasa umeisha. Alisema anataka watoto waguse vitu vyenyewe vya zamani, karatasi zilizoandikwa wakati ule ule, wajifunze kuziuliza maswali. Nikamwambia amechelewa, wazee karibu wote wameisha. Lakini nilifurahi. Sitaficha.

Kwa sababu mimi nina karatasi.

Marehemu mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikata mkonge upande wa Kibwezi wakati wa mkoloni. Alipoacha kazi, bwana wa shamba alimpa barua ya Kiingereza, na sahihi chini. Mimi Kiingereza sijui. Kusoma kwenyewe nilijifunza ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, na huko tulisoma Kikamba na Kiswahili tu. Lakini barua ya mzungu yenye sahihi, nani anahitaji kuambiwa ni ya nini? Nilijua ni ya sifa. Nimeiweka kwa mkebe wa majani chai miaka hii yote. Siku ya mazishi mchungaji aliinua juu mbele ya watu, ikiwa imekunjwa vile vile, akasema huyu alikuwa mtu wa kazi.

Leo nimefunga leso mpya nikaenda. Mwalimu akanikaribisha mbele ya darasa, akafungua barua, akaanza kuisoma kimya kimya. Uso wake ukabadilika. Akakohoa.

"Inasema mzee alikuwa mfanyakazi mzuri," akasema, akaikunja haraka.

Mimi nimelea watoto saba. Uongo naujua ukiwa bado kwa koo.

Tena msichana wa dawati la mbele alikuwa amenyoosha shingo akasoma. Sasa alikuwa anaangalia sakafu.

"Mwalimu," nikamwambia, "umewaita watoto waone karatasi ya zamani, halafu unawasomea ya kichwa chako? Si heri ungebaki na kitabu."

"Mwaitu, mama yangu, tutaongea baadaye."

"Baadaye mimi sina. Soma."

Akasoma, akigeuza kwa Kiswahili pole pole. Maneno ni machache. Mtu huyu ana nguvu lakini hategemeki. Kila mvua ikikaribia anatoroka kazi. Asiandikwe kazi tena.

Mtoto mmoja huko nyuma akacheka kwa pua.

Nilitaka kuchukua barua yangu niende. Lakini nikaona nikitoka, hao watoto watabaki na maneno ya mzungu peke yake. Basi nikaongea. Niliwauliza, anatoroka anaenda wapi? Anakuja hapa. Mvua yetu ni ya siku za kuhesabu, na kama mbegu haiko udongoni ikianza kunyesha, mwaka huo mtalala njaa. Akiona mawingu yamejaa upande wa Kitui, anaweka kisu chini anatembea. Anafika miguu imevimba, na kesho yake alfajiri anafunga ng'ombe kwa plau. Mwanamume aliyeacha mke wake apande peke yake hapa kwetu alikuwa anaimbwa kwa ngoma, na si kwa sifa.

Yule msichana wa mbele akainua mkono, akaniita nyanya kwa Kikamba. "Susu, kwa nini hakuomba ruhusa?"

"Aliomba. Mvua haingoji jibu."

Hapo mwalimu akaamka. Akachora mstari ubaoni, upande huu maneno ya bwana wa shamba, upande huu maneno yangu, na juu akaandika: nani aliandika, na alitaka nini? Nikamwambia aongeze, na nani hakuulizwa? Akaandika. Nikamwambia pia, siku nyingine soma karatasi kwako nyumbani kabla ya kusimama mbele ya watu, na usimfichie mwanamke mzee kitu chake mwenyewe. Akasema ndiyo Mwaitu. Ni mwalimu mzuri, akiacha woga.

Nikarudi nyumbani nimewashinda watoto wa watu. Nikakaa. Ndipo nikakumbuka.

Mutua.

Ni kitinda mimba wangu. Alikuwa na kazi ya kulinda stoo huko Kiboko. Mwaka niliovunjika mkono, mvua ikakaribia, akaacha kazi akaja kunipandia. Alipanda shamba lote, mtama na kunde, hakubakisha kona. Kurudi Kiboko, kazi imepewa mtu mwingine. Na mimi, badala ya asante, nilitoa barua kwa mkebe nikaipiga juu ya meza mbele ya mke wake. Nikamwambia, babako alisifiwa na mzungu, wewe hata mlango wa stoo umekushinda. Sikusema mara moja. Nilisema mpaka akahama. Sasa anapakia mizigo kwa malori Mtito Andei, na mwaka wa pili huu hajakanyaga hapa.

Walifanya kitu kimoja, yeye na babake.

Mzee naye, kila nikimsifu kwa hiyo barua, alikuwa anainuka anaenda kuangalia mbuzi. Leo najiuliza kama alijua.

Nimechoka, na si magoti tu. Kugombeza najua, hakuna anayenishinda. Kumwomba mtoto niliyemzaa msamaha, hiyo sijawahi, na mama yangu sikumwona akifanya. Lakini nimerarua karatasi katikati ya daftari hili, nikaandika kwa mkono wangu:

Mutua. Barua ya babako imesomwa leo. Alifukuzwa kwa sababu ya kuja kupanda, kama wewe. Sikujua. Nilikukosea.

Nimesoma mara tatu. Nilitaka kuongeza kwamba na yeye angekuja kunisalimia, nikajizuia.

Kukicha natafuta mtu anayeenda Mtito. Akirudi bila jibu, nitaenda mwenyewe.