Diski Kumi na Tisa za Dada Mwajabu

Kizota, Dodoma
14 Agosti 1998

Kwako Dada Mwajabu,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum. U hali gani huko Mpwapwa, na lile goti lako limetulia au bado linakuamsha alfajiri? Shangazi je, kikohozi kimemwachia? Sisi hapa hatujambo, ila upepo wa Agosti unatulisha vumbi asubuhi na jioni. Wifi yako Joha anakuamkia sana. Mtoto ameota meno mawili na anang'ata kila anachokishika, juzi nimemnyang'anya bisibisi mdomoni. Mlenda mkavu ulioutuma tuliupokea na tumeshaumaliza. Usiniulize tumeumaliza kwa siku ngapi, maana ni aibu kwa watu wazima.

Najua umeshtuka kuona bahasha nene namna hii. Mimi si mtu wa barua, unanijua. Nikikusalimia na kukuuliza mvua nimemaliza. Basi tafadhali dada, kaa chini kwanza. Kama uko pale getini unapokea maziwa, iweke mfukoni uisome nyumbani.

Nianze na habari njema ili nipate moyo wa kuendelea. Diski zako zinasomeka. Naam, zile zile nilizokwambia zimekufa. Kumi na nane kati ya kumi na tisa zimefunguka zote, na rekodi za ng'ombe wa kituo chenu cha mifugo ulizoziingiza kwa vidole vyako miaka kumi na moja zimo ndani kama ulivyoziacha. Nimezinakili mara mbili, kupitia mashine nyingine, kwenye diski mpya, na nimezichapa kwenye karatasi, rundo zima, maana kompyuta nimeacha kuziamini, na fundi wao ndiyo kabisa.

Sasa naomba nikurudishe mwanzo. Najua unayajua mengi ya haya, lakini nataka niyapange sawasawa kwa mkono wangu, na sababu yake utaiona.

Mwezi wa tatu mliambiwa rekodi zote zihamishiwe kwenye kompyuta mpya ya ofisi ya mkoa. Ukaja nazo Dodoma kwenye lile kopo la biskuti, kila diski umeiviringishia kipande cha kanga. Mashine yao ikafanya kituko. Programu ya kuorodhesha ilitoa majina ya mafaili yote bila shida, lakini ile programu ya rekodi za mifugo ilipoambiwa ifungue faili hata moja, ikagoma, ikadai diski haisomeki. Mmoja akasema programu ndiyo mbovu, mwingine akasema diski, na wewe katikati ukitazamwa kama uliyeleta mzigo wa hewa. Ukarudi Mpwapwa, ukaipakia kwenye basi kompyuta yako yenyewe, ile mliyoletewa na mradi, umeipakata mapajani mpaka hapa Kizota. Tukaiwasha mbele ya Joha. Programu ile ile, diski zile zile, ng'ombe wakatoka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Ukacheka, ukaniambia haya, fundi ni wewe, mtafute mchawi. Ukaniachia vyote ukaenda zako kazini.

Siku ya tatu nikakupigia simu ofisini kwenu. Nikakwambia diski zimeingia ukungu, kwamba zilikuwa zinasomeka kwa kubahatisha tu na sasa zimekata roho. Kisha ukauliza kama ni zote, nikasema zote. Ukanishukuru kwa kujisumbua. Ukanishukuru, dada!

Baada ya hapo mimi nikaifunika ile mashine kwa gunia, nikaendelea na maisha. Ulipoandika ukasema tu kwamba umebadilishiwa kazi kidogo. Ile "kidogo" yako niliipokea kwa mikono miwili, sikutaka kuichungulia ndani.

Mwezi wa saba akaja hapa Bartolomayo, yule wa kwenye josho lenu, ana jembe la kukokotwa limepinda anataka linyooshwe kwa jirani yangu Silvano mchomeleaji. Akisubiri, akakaa kwenye benchi langu, tukaongea. Yeye hakujua kama mimi sijui. Akaniambia mlivyokaa kikao, na karatasi za zamani hakuna kwa sababu mradi wenyewe uliamuru zichomwe kompyuta ilipokuja, kwamba mambo ya madaftari yamekwisha. Akaniambia Mkuu wa Kituo alitaka kumwita mtaalamu mwingine wa Dar azitazame diski, na kwamba wewe ndiye uliyesimama ukakataa. Ulisema mdogo wako akishasema kitu kimekufa, kimekufa, na kwamba huwezi kumdhalilisha kwa kumtafutia mtu wa kumkagua. Halafu ukatia saini barua ya kukiri kwamba hukuzihifadhi vizuri. Akasema siku hizi uko getini unapima maziwa, na vijana wa mafunzo wakipita wanaonyeshana yule mama aliyeozesha miaka kumi na moja.

Bartolomayo alisema hayo yote huku anakula karanga zangu, wala hakuona nilivyokuwa. Nilimwambia naenda kujisaidia. Nikasimama nyuma ya banda, nikalia, mtu mzima mwenye ndevu. Sioni haya kukwambia.

Kesho yake nikaifunua ile mashine. Nilifanya kazi asubuhi tu, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, kabla Silvano hajawasha mtambo wake, kwa sababu akishaanza kuchomelea umeme wa mtaa mzima unayumba. Kuna skrubu mbili zinazoshika sehemu ya kichwa cha draivu, kile kinachosoma diski. Nilizilegeza, nikasogeza kichwa kidogo, unene wa unywele, nikakaza, nikaingiza diski ya saba. Ikakataa. Nikalegeza, nikasogeza unywele mwingine, nikakaza. Ikakataa. Siku kumi na sita, dada. Joha alianza kuniuliza kama nimerogwa. Silvano alisema kitu kisichonyooka dawa yake ni nyundo, na kwa kweli kuna asubuhi nilimwelewa.

Siku ya kumi na saba yakatoka majina ya mafaili. Sikushangilia, maana majina hata mashine ya mkoa iliyatoa. Nikaifungua programu ya rekodi. Ikafikiri weee, taa ya draivu ikawaka, kikasikika kile kimlio chake cha kukwaruza, halafu akatokea ng'ombe. Jike, mwekundu mwenye doa kwenye bega, namba yake, mama yake, baba yake, tarehe ya kuzaliwa, kilo zake. Nilipiga kelele mpaka Joha akatoka jikoni na mwiko.

Nisamehe lakini nilisoma. Sikuwa na haja ya kusoma ili kunakili, ila nilisoma. Sikujua kwamba kile kisanduku cha maoni ulikuwa unakijaza vile. Kumbe kuna ng'ombe asiyetoa maziwa mpaka aimbiwe, na umeandika wimbo wenyewe. Kuna aliyekufa kwa ugonjwa wa ndigana ukaandika Mungu amrehemu, kwenye rekodi ya serikali! Na kuna ndama dume wa Januari mwaka tisini. Umeandika amezaliwa saa nne asubuhi, siku mdogo wangu alipopanda basi kwenda chuo Dar es Salaam, na jina nimempa Fundi. Hukuwahi kuniambia. Nilifunga mashine siku hiyo, sikuendelea.

Sasa dada, wewe si mjinga. Utakuwa umeshajiuliza skrubu na ukungu vinahusiana vipi. Havihusiani. Ukungu haukuwepo. Ukungu Mpwapwa, mahali ambapo hata mvua inakuja kama mgeni! Diski zako zilikuwa kavu na safi kuliko zozote nilizowahi kuzishika. Nimekudanganya, na ukweli wenyewe ni huu.

Siku ya pili baada ya kuniachia mashine, niliipima draivu kwa ile diski maalumu ya kupimia tuliyopewa chuoni. Nikakuta kichwa kimehama mahali pake. Diski ina njia za mviringo, na kichwa kinatakiwa kipite katikati ya njia. Cha kwako kilikuwa kinapita pembeni, nadhani tangu mashine imekuja. Miaka yote hiyo kiliandika pembeni na kikasoma pembeni, kwa hiyo chenyewe kilijielewa. Mashine za watu zinapita katikati, ndiyo maana ile ya mkoa iliokota majina yaliyo ukingoni mwa diski, ikaingia ndani ikapotea. Mchawi mwenyewe ndiye huyo. Wewe hukukosea kitu, programu haikuwa na kosa, diski hazikuwa na kosa.

Dawa yake ilikuwa rahisi hata anayeanza ufundi angeijua: usiguse kitu. Iache draivu na upogo wake, unganisha waya kwenye mashine nyingine, nakili kila kilichomo, ndipo ufanye unalotaka. Lakini mimi nilipoona kichwa kimekaa pogo, mikono iliniwasha. Hapa Kizota sisi kazi yetu kunyoosha. Rimu, majembe, mageti, mtu analeta kilichopinda anaondoka na kilichonyooka, na anakusifu. Nikanyoosha. Nikapima tena, iko sawasawa kabisa, nikajipigia makofi peke yangu. Ndipo nikaingiza diski zako, moja baada ya moja, zote kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyofunguka. Draivu pekee duniani iliyojua kusoma mwandiko wako nilikuwa nimeifundisha kusahau.

Hapo ningekupigia simu nikasema nimeharibu, ungepiga kelele kidogo, mambo yakaisha. Badala yake nikababaika. Nikataka kujua kama draivu inaandika vizuri, nikachukua diski iliyokuwa karibu nikaiandika upya bila hata kuangalia. Ilikuwa ya nne. Ndiyo hiyo ambayo haipo. Ng'ombe wote wa themanini na tisa wamekwenda, na hao hakuna skrubu itakayowarudisha. Najua utasema unawakumbuka kichwani. Usiseme hivyo ili kunifariji.

Na kwa nini nilidanganya? Ofisi ya mkoa walikuwa wameniambia nikiimaliza kazi hii vizuri watanikabidhi kompyuta zao zote nizitunze. Nilikuwa nimeshamwambia Joha, nimeshamwambia Silvano, nimeshaanza kutembea kama mtu wa serikali. Nikaona bora zife diski kuliko life jina langu. Jina lako wewe sikulifikiria, na hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo.

Kompyuta zenyewe walinipa. Nimezitunza mwezi wa nne mpaka huu wa nane. Jumatatu nimewarudishia funguo.

Na Jumanne nimemwandikia Mkuu wako wa Kituo, kurasa mbili, nikaweka jina langu, sahihi na muhuri wa karakana. Nimemweleza draivu, skrubu, ukungu wa uongo na diski ya nne, na nimemwomba ile barua yako ya kukiri aitoe kwenye jalada lako aweke yangu. Nimemwambia kuwa niko tayari kuja kuyasema mbele ya kikao, na mbele ya wale vijana pia. Bartolomayo, aliyepita tena hapa, ameipeleka mkononi pamoja na diski mpya na rundo la karatasi.

Yako hii nimeichelewesha makusudi, nimeitia posta leo Ijumaa. Nakujua dada. Ungeipata kwanza ungekimbia na goti lako bovu mpaka ofisini kwake, uichukue ile barua uichane, useme Rehani ana mtoto mchanga, mwacheni. Umechelewa. Mpaka unaposoma hapa, yeye ameshaisoma.

Msalimie Shangazi, mwambie nitakuja Mpwapwa mwisho wa mwezi. Wasalimie majirani wote, na Fundi kama bado yuko hai. Joha anakutakia heri, na mtoto angekuandikia kama mkono wake ungetulia. Mungu akupe afya na akurudishie kiti chako. Nikifika nitapiga hodi nikae nje, na kama hutafungua siku hiyo, nitarudi kesho yake.

Ni mimi mdogo wako,
Rehani